Mhadhara wa Elimu ya Kuudhi na Kuudhika

Elimu ya Kuudhi na Kuudhika ni taaluma kongwe ambayo vyuo vikuu, kwa husuda tu, vimekataa kuifungulia idara. Bingwa wake mkuu alilazimika kujitunuku shahada mwenyewe, akiepuka upendeleo wa watahini. Taaluma hii inatambua pande mbili: muudhi huleta bidhaa sokoni, muudhiwa ndiye hupanga bei.

Maabara ya kutosha ipo Bendera, kwenye tambarare ya Same chini ya milima ya Upare. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, hasara hukadiriwa kwa magunia na shauri huishia kwa mtendaji. Mwenye ng'ombe akiongeza kwamba mahindi yenyewe yalikuwa yamedumaa, sasa wanahitajika wazee, na pengine mbuzi. Magunia ni yale yale. Kilichopanda ni heshima.

Hadhi ya msemaji nayo ina uzito. Mchaga husema hadharani kwamba Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, wala hadaiwi kitu, maana ni mtani. Maneno hayo hayo yakitoka kwa mkadiria kodi ni tusi kamili. Watawala wa kikoloni wa Upare hawakuizingatia kanuni hii. Miaka ya 1940 walileta mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria utajiri wa kila mtu, na makadirio yenyewe hayakueleweka yalikotoka. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, wakakaa miezi kwa miezi. Walikuwa na adabu mno, jambo ambalo kitaaluma ni udhaifu: serikali huweza kuudhiwa kwa adabu mwaka mzima isihisi chochote.

Wanawake ndio waliofahamu fani. Mwaka 1946, huko Usangi, walimkabili Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, wakampa hiari mbili: amalize shauri la kodi ili waume zao warudi nyumbani, ama awape mimba yeye mwenyewe, wote. Hakuna jibu la kiofisi kwa hoja hiyo. Haikataliki bila aibu, na ikikubaliwa ni balaa. Nguvu yake haikutoka katika ukali wa ulimi, kwa kuwa wakali wa ulimi wapo kila kijiwe; ilitoka katika ukweli kwamba vitanda vilikuwa vitupu kweli. Muda si mrefu mbiru ikafutwa.

Katika dini taaluma hii inapata shida, kwa sababu muudhiwa halisi hafiki mahakamani kutoa ushahidi. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamwadhibu anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine. Sheria, basi, hutafuta nia ya msemaji. Umati hutazama maumivu ya msikilizaji, tena haraka. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kuchomwa moto. Nia ya mtoto haikuulizwa na mtu aliyeshika kiberiti.

Kimataifa, mtahiniwa bora ni Idi Amin. Mwaka 1972 alimpelekea Mwalimu Nyerere salamu kwamba, kama Mwalimu angekuwa mwanamke, yeye Amin angefikiria kumwoa licha ya mvi zake. Wataalamu wa daraja la chini walitarajia vita. Nyerere hakununua. Lakini mwaka 1978, majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka na Amin kutangaza kwamba ukanda wa Kagera ni wake, hakukuwa tena na maneno ya kupuuza, na Watanzania wakamwita nduli bila kutafuta kifungu cha sheria. Amin akapendekeza ugomvi umalizwe kwa ngumi ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Pambano halikufanyika. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mposaji akafia Jeddah mwaka 2003, posa yake haijajibiwa.