Namna ya Kumfundisha Mtoto Kutoa Bila Kumharibu

Kabla hujamfundisha mtoto kutoa, sharti kwanza umwachishe kutoa. Wazazi wengi huiruka hatua hii kwa kudhani mtoto huzaliwa bahili. Hazaliwi. Mtazame wa mwaka mmoja na nusu aliyeshika biskuti: ataitafuna upande mmoja, ataitoa mdomoni ikiwa imelowa chepechepe, kisha atakusukumia wewe kinywani, na ukibana meno atakukandamizia mpaka usalimu amri. Akimalizana na wewe atamwendea mgeni, halafu paka. Mwaka 2012, Lara Aknin na wenzake huko Kanada walichapisha utafiti kuhusu watoto ambao hawajatimiza miaka miwili. Waliwapa vibiskuti, wakawaletea na kikaragosi wa kugawiwa. Nyuso za watoto zilichangamka zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na zaidi ya hapo walipotoa kilichokuwa chao wenyewe.

Ukizembea, mtoto wa namna hiyo ataingia darasa la kwanza akiwa bado anagawa. Lakini tiba ipo, tena ni maneno tu. "Hicho ni chako, kula." "Usimpe, atakumalizia." "Ficha, wenzako wanakuja." Yarudie hasa saa za chakula, watoto wa jirani wanapochungulia, na ukisema funga na mlango. Akifika miaka mitano hivi atakuwa amepona kabisa, na hapo ndipo somo la ukarimu huanza.

Ikiwa wewe ni mtu wa Jumapili, anzia kwenye sadaka. Mkifika mlangoni mwa kanisa mpe mgongo kidogo, fungua pochi, papasa mpaka upate sarafu ya 100. Noti ya 10,000 isogeze ndani asiione. Hiyo ni ya kitimoto baada ya ibada. Mwekee sarafu kiganjani na umwambie aitumbukize mwenyewe, kwa heshima. Atakua akijua kwamba Mungu anapokea chenji.

Msimu wa mavuno ukifika, mpeleke kwenye mnada pale nje ya kanisa. Kuna mikungu ya ndizi, maboga, trei za mayai, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye ndiye mgeni rasmi. Jogoo anaanzia 15,000. Mzee wa kanisa anasema 40,000. Wewe sema 45,000, tena kwa sauti itakayomfikia mchungaji alipo. Ukishamshinda mzee usimchukue jogoo. Sema "namrudisha", anadiwe upya, watu wapige vigelegele. Jogoo mmoja huweza kuuzwa mara tatu kabla ya jua kuzama na kila mara akapatikana wa kumrudisha. Mtoto atakuuliza mbona mmenunua kuku halafu mnaondoka mikono mitupu. Mwambie tumemtolea Mungu. Atauliza tena mbona ulikuwa unapiga kelele, kwani Mungu yuko mbali? Mnunulie ubuyu, mwende nyumbani.

Lakini darasa hasa liko mtaani, kwenye msiba. Hapo pana daftari, na daftari ndilo kitabu cha kiada cha ukarimu wetu. Balozi ameshapita kutangaza, turubai limefungwa, na jamaa mmoja mwenye kalamu amekaa kwenye kiti cha plastiki anapokea rambirambi. Mkabidhi mtoto 2,000 na maelekezo kamili. Asiachie fedha kabla jina lako halijaandikwa. Asimame upande wa daftari, si wa mwandishi, ili asome bila kupinda shingo. Asome majina matano ya juu na viwango vyake, kisha ajifanye anafunga kamba za viatu aone na atakayemfuatia. Akirudi, kaa naye chini akupe taarifa. "Mama Zuwena 5,000. Baba Neema 1,000. Wa nyumba ya geti jeusi hawapo." Hapo utashangaa jinsi hesabu za shule zinavyomlemea huku hizi akizishika kichwani bila kalamu. Mweleze na umuhimu wa kuandikwa: zamu ya kila mmoja ikifika daftari lile lile litafunguliwa, na Baba Neema atapewa alichotoa, hata senti isizidi. Waliofiwa wenyewe usiwataje sana, utamchanganya.

Akirudi na taarifa nzuri mpe soda, iwe desturi. Hapa tena watafiti wanataka kutuharibia kazi. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kila walipomsaidia mtu walipunguza kusaidia baadaye, kuliko waliosifiwa tu au walioachwa bila chochote. Basi sisi tunasemaje? Tunasema soda iendelee. Mtoto anayesaidia bure bure utamzuiaje asisaidie na watu usioelewana nao?

Harusi nayo ina masomo yake, ila haya hayahitaji muda mrefu. Mfundishe tofauti ya singo na dabo, na tofauti ya ahadi na malipo, ambayo kwa watu wazima huweza kuchukua miezi. Na ukitaka kadi zako za mchango zisirudishwe, mtume yeye azigawe. Ni wachache wanaoweza kumtazama mtoto machoni na kusema mwezi huu hali mbaya. Wenzetu wa Kenya waliona jinsi harambee zinavyoweza kugeuka shinikizo, hata sheria yao ya maadili ya maofisa wa umma ya 2003 ikamkataza ofisa kutumia cheo chake kuwabana watu watoe. Mwanao hana cheo. Mtume tu.

Halafu ipo ile safari ya kituo cha watoto yatima, ambayo siku hizi hufanyika siku ya kuzaliwa. Nyumbani pekua kabati: suruali yenye zipu mbovu, viatu vya mguu wa kulia, fulana ya kampeni ya uchaguzi wa 2015. Ongeza unga, miche ya sabuni na ndoo ya mafuta, kwa sababu hivi hukaa vizuri kwenye picha. Mkifika, panga vitu lebo zielekee kamera, watoto wa kituo wasimame nyuma, wako akae mbele na keki. Waimbe. Piga tena, kuna aliyefumba macho.

Hapa tahadhari. Ni kwenye safari hizi ambapo ugonjwa wa zamani hurudi ghafla. Unageuka kumtafuta mwanao, unamkuta kachuchumaa mchangani na mwenzake wa kituoni, na lile gari lake la rimoti, la juzi, la dukani, si la kabatini, liko mikononi mwa yule mwingine. "Nimempa," anasema. Usipandishe sauti mbele ya walezi. Tabasamu, msifu, kisha mvute pembeni umweleze kwamba tulikuja kutoa, lakini si hivyo.

Na kama wewe ni mtu wa Ijumaa, jihadhari na bibi yake zile siku za mwisho wa Ramadhani. Bibi hana simu ya kupiga picha na daftari hana. Ana kibaba na gunia la mchele, na vibaba vinne ndiyo pishi, kilo mbili na nusu hivi, kwa kila aliyelala chini ya paa la nyumba hiyo, akiwemo mtoto mchanga ambaye hata meno hajaota. Atamkalisha mjukuu sakafuni ajaze mwenyewe, asawazishe kwa kiganja, ahesabu majina. Kisha kabla ya swala ya Idi watabeba mifuko hadi mlango wa mama fulani wa nyumba ya tatu, wagonge, watoe salamu, waondoke bila kungoja shukrani. Huko mtoto hajifunzi chochote cha kuweka hadharani.

Ukichelewa kumzuia, angalau jiandae kwa swali, maana bibi atakuwa ameshamwambia kwamba hutolewa kile tunachokula. Mtoto atatumbukiza mkono guniani, ataokota mdudu mmoja mweusi, atakuonyesha kwa kidole. "Baba, kwani na sisi tunakula huu?" Mangi siku hiyo hufungua alfajiri, na mchele mzuri anao.