SGR Yafika Fort Ternan

Mdogo wangu aliyeko Marekani alinitumia treni ya umeme. Si ya watoto, alisisitiza. Ni ya mtu mzima mwenye subira. Mke wangu akauliza huyo mwenye subira anaishi nyumba gani.

Kipimo chake ni moja kwa 87, na upana wa reli ni milimita 16.5. Zidisha, upate milimita 1,435: SGR yenyewe! Reli ipitayo hapa Fort Ternan, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja tu. SGR ya serikali ilizinduliwa hadi Suswa mwaka 2019. Ya kwangu iko Fort Ternan tayari, juu ya meza ya chakula, bila fidia ya ardhi. Familia sasa inakula sahani zikiwa magotini.

Nilitamani njia yote, Londiani, Kipkelion hadi Koru, lakini kwa kipimo hicho kilomita moja hutaka mita 11 na nusu. Treni ingetoka sebuleni, ipite zizini, na Koru ingeangukia chooni kwa jirani. Nikakata shauri: kituo, daraja moja la vijiti, na mwishoni reli ijipinde kama kitanzi ili treni igeuke yenyewe.

Shemeji wangu, fundi aliyefunga umeme nusu ya kijiji, akaja bila kuitwa. Akachomeka ukutani transfoma iliyokuja na treni. Imeandikwa volti 120. Ukuta wetu una 240. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza.

"Vitu vya Marekani ni laini," akatangaza.

Tukaazima betri ya bodaboda, volti 12. Alipogusisha waya wa pili, cheche! Treni haikusogea hata inchi. Plastiki ya waya ndiyo iliyosafiri, ikatiririka mezani. Shemeji akalaumu kutu, kisha baridi, kisha jirani mmoja ambaye sitamtaja. Kumbe mchawi ni kitanzi. Reli ya kulia ina chanya, ya kushoto ina hasi. Njia ikijipinda na kujirudia, ya kulia hukutana na ya kushoto, na hapo ni shoti tu. Dawa yake ni kukata reli zote mbili mwanzoni na mwishoni mwa kitanzi, kisha kukipa kitanzi waya zake. Treni ikiwa ndani, unageuza chanya na hasi za njia kuu kwa swichi, nayo inatoka kama haijui kitu. Shemeji aliponiona na msumeno alimwambia dada yake kwamba hatimaye nimepata akili, naivunja.

Likabaki pori. Mafundi wa treni hizi kote duniani hunyunyiza majani ya chai juu ya gundi yawe vichaka, na sisi wa Kericho tutakosaje chai? Nikakausha makapi ya chai ya mwezi mzima, nikayaweka kwenye mkebe jikoni. Mama mkwe akaja kututembelea, akajipikia. Akanywa kidogo, akatua kikombe taratibu.

"Baba watoto, majani yote haya mlimani, na nyumbani mnakunywa maji ya moto?"

Treni inatembea. Huanguka darajani, na paka amehamia kituoni. Mwenye transfoma ya volti 12 inayostahimili ukuta wetu asiwe mchoyo: wa bodaboda anadai betri yake.