Kebo Moja, Milango 256

Kompyuta ina matundu matatu ya USB, lakini Windows ina uwezo wa kuyapa namba za milango kuanzia COM1 hadi COM256. Hapo ndipo fundi wa Olenguruone, aliyeletewa redio za Baofeng za walinzi wa shamba la majani chai azipange masafa, anapotokwa jasho kwenye baridi ya Mau. Jana kebo ya kuunganisha redio na kompyuta ilikuwa COM3. Leo kaichomeka tundu la pembeni, imegeuka COM7, na CHIRP, programu ya kuzipanga, inashikilia kwamba redio haipo. Redio ipo mezani, taa inawaka.

Halafu kuna chipu za Prolific ndani ya kebo. Kebo za bei ya kutupa zimejaa za bandia, na Prolific wenyewe walitoa draiva inayozikataa. Mwenye kebo ya chipu ya CH340 anatabasamu tu; chipu hiyo ina adabu.

“Fundi, si uzime uwashe?” mteja anashauri. Fundi anachomoa kebo, anatazama ni namba gani imetoweka kwenye orodha ya vifaa, anairudisha. COM7, bila ubishi. Bado kimya. Kumbe plagi ya pini mbili haikuzama redioni. Inataka kusukumwa mpaka ilie tak.

Leseni ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano? Hiyo hakuna aliyeitafutia mlango.