Shangazi wa Busale Anajibu: Hamisha Maji, Samaki Atafuata

Barua za mwezi huu zimeletwa na kijana wa bodaboda aliyezifunga pamoja na mkungu wa ndizi, kwa hiyo nyingine zimeloa utomvu na nimezisoma kwa kubahatisha. Naona wengi wenu mmeacha kuniuliza habari za waume, mnaniuliza habari za samaki wa tangi la kioo. Sijui ni maendeleo au ni kukata tamaa. Nitajibu hivyo hivyo.

*Shikamoo Shangazi. Nimenunua tangi jipya la lita mia mbili. Nililiosha kwa sabuni ya unga mpaka likang'aa, nikatia maji ya bomba, sponji jipya, kokoto mpya, kisha nikahamisha samaki wote kumi na wawili siku hiyo hiyo. Sasa ni siku ya tatu, wamebaki wanne, nao wanahema juu juu. Mke wangu anasema jirani yetu ana jicho baya. — Mpenda Usafi, Kyela Mjini*

Marahaba. Mwacheni jirani wa watu. Samaki wako hawakulogwa, waliogeshwa.

Samaki hutoa amonia kwenye matamvua kila anapopumua, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Hiyo ni sumu. Katika tangi lako la zamani walikuwapo bakteria waliojishikiza kwenye sponji na kokoto: kundi moja likiigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo inaua, na kundi la pili likiigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Ule utelezi wa kahawia uliokukera ndio uliokuwa unawaweka hai. Bakteria hao wakianza upya kwenye tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kukamilika, wewe umewapa nusu siku, tena baada ya sabuni na klorini.

Anayehama huchukua sponji la zamani likiwa bichi na chafu, pamoja na kokoto, na maji ya zamani kiasi kinachobebeka. Sponji likizidi uchafu unalikamua ndani ya maji ya tangi lenyewe, si bombani. Maji ya bomba yakae wazi kwenye ndoo mchana kutwa na usiku kucha, klorini itoke. Sabuni ibaki kwa nguo. Na msije mkanijia na maji ya mvua, ingawa Kyela mvua hatuikosi: hayana madini, na samaki wa ziwa letu la Nyasa wamezoea maji yenye chumvichumvi za mawe, ambayo pH yake hucheza kati ya 7.7 na 8.6.

Kwa hao wanne: badilisha robo ya maji kila siku, punguza chakula, na kama sponji la zamani umeshalitupa jalalani, kaombe kipande kichafu kwa mtu mwenye tangi. Nasikia jirani yako anafuga.

*Shangazi, naweza kuwahamisha kwa mikono? — Mvivu, Ipinda*

Hapana. Samaki ana ute mwilini unaomkinga na magonjwa, na wewe una mikono yenye mawese.

*Shikamoo Shangazi. Mjomba wangu wa Dar es Salaam anataka samaki wa rangi kutoka kwetu, wale wa kwenye miamba ya Matema. Nitapanda basi la alfajiri. Niwabebeje wafike salama? — Mpwa Mtiifu*

Marahaba mpwa. Kwanza kamwone ofisa uvuvi, maana kumtoa samaki ziwani na kumsafirisha kuna vibali vyake, na mjomba hatakuja kukutoa rumande.

Pili, usiwalishe siku moja au mbili kabla ya safari. Najua moyo wa Kinyakyusa haukubali kumuaga mgeni akiwa na njaa, ila samaki aliyeshiba huchafua maji kabla basi halijafika Tukuyu. Mifuko ya rambo tuliagana nayo Juni 2019, basi tafuta ndoo mpya yenye mfuniko wa kubana. Isiwe ya rangi, isiwe ya mawese. Theluthi moja maji ya tangini, theluthi mbili hewa. Wengi hujaza maji wakidhani ni huruma, kumbe kinachoisha njiani ni hewa. Samaki wawe wachache. Giza huwatuliza. Ndoo uizungushie blanketi, kwa sababu huku ziwani tupo mita mia tano hivi kutoka usawa wa bahari, na Mbeya mtapita kwenye mita 1,700. Wewe utavaa koti, wao je?

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wenye huruma wanapoua. Ndani ya ndoo iliyofungwa, pumzi ya samaki hujaza maji kabonidioksidi, na maji huwa na uchachu. Uchachu huo huifanya amonia iliyokusanyika njiani iwe pole. Ukifunua mfuniko, kabonidioksidi inapaa, uchachu unapungua, na ile amonia iliyokuwa imelala inaamka na ukali wake wote. Mtu anasoma mahali kwamba samaki azoeshwe maji mapya taratibu, tonetone, saa mbili, na anafanya hivyo kwa ndoo iliyotoka safari ya siku nzima. Samaki anafia mikononi mwa mtu mwema.

Ukifika kwa mjomba, usifunue. Iweke ndoo ndani ya beseni la maji yenye joto lile lile la tangi, dakika ishirini hivi, mpaka joto lilingane. Ndipo ufunue, uwachote kwa wavu mdogo, uwatie tangini mara moja, na maji ya safari uyamwage nje. Hayo ya tonetone ni ya samaki aliyetoka duka la mtaa wa pili. Mjomba akitaka kupiga picha kwanza, mwambie asubiri.

*Shikamoo Shangazi. Nimeolewa hivi karibuni. Baba mkwe ana tangi sebuleni na kazi ya kulisafisha nimepewa mimi. Tatizo la kwanza, kwa mila zetu sitakiwi kukutana naye uso kwa uso, na kiti chake kipo mbele ya tangi. Tatizo la pili, jike mmoja amevimba kidevu, wiki nzima hali, na baba mkwe amemtuma mtoto aniambie nimhamishe kabla hajawaambukiza wenzake. — Bi Harusi Mwoga*

Marahaba mwanangu. Tatizo la pili ni jepesi, tuanze nalo. Huyo haumwi, ana watoto kinywani. Mbuna, yaani hao samaki wa miambani, na ndugu zao wengi wa Ziwa Nyasa hutaga, kisha jike huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo kwa wiki tatu hivi, bila kula au akidokoa kidogo tu. Hata hivyo kumhamisha ni vizuri, kwa kuwa watoto wakitemwa humo humo watakuwa kitoweo cha wakubwa. Baba mkwe amefikia uamuzi sahihi kwa sababu isiyo sahihi, jambo ambalo utalizoea.

Ngoja wiki ya pili ipite. Tayarisha tangi dogo lenye maji ya tangi kubwa, kipande cha sponji la zamani, na mahali pa kujificha. Chungu cha Wakisi kilichopasuka kinafaa sana, pale Lyulilo hukosi. Usitumie wavu. Jike akishtuka hutema mayai, au huyameza. Zima taa, zamisha jagi kubwa, mwelekeze polepole kwa mkono wa pili mpaka aingie mwenyewe, umnyanyue pamoja na maji yake.

Kazi hiyo ifanyike usiku wa manane, na hapo tatizo la kwanza nalo limekwisha. Baba mkwe atakuwa amelala. Na kama hajalala, taa si umezima?

*Shangazi, nimeleta dume jipya, la zamani linalifukuza tangu asubuhi. — Mpatanishi*

Wazee wetu walilijua hili. Zamani vijana wa Kinyakyusa wakikua waliondoka kwa baba zao na kwenda kujenga kijiji chao cha rika, wakaheshimiana kwa mbali. Huna nafasi ya kijiji kwenye kioo, basi mtoe mgeni kwanza, yahamishe mawe yote, ndipo umrudishe. Dume la zamani likikuta mipaka yake imepotea litahangaika kupima shamba upya, na mgeni atapata pa kujibanza. Likiendelea kesho, litenge.

*Shangazi, samaki wamezaana mno, na pia nina vifaranga vya sato kwenye bwawa. Nafikiri kuwaachia Mto Kiwira, au nipande nao Ziwa Masoko, wawe huru. — Mkombozi*

Wewe hukunisalimu, nami sitakubembeleza. Usithubutu.

Kule Malawi, kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, mbuna wa sehemu nyingine za ziwa waliachiwa pasipo kwao, na baadhi wakazaana na wenyeji hadi ikawa kazi kujua nani ni nani. Sangara alitiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na samaki wadogo wa pale wengi hawaonekani tena. Sato wa Nile unayemfuga, watafiti waliandika mwaka 2013 kwamba ameshaingia kwenye mabonde yanayomwaga maji Ziwa Nyasa, upande wetu huu wa kaskazini. Sidhani alikuja kwa miguu.

Na Masoko ndiyo usiitaje kabisa. Katika ziwa lile dogo la kreta mna samaki wa aina moja anayegawanyika kuwa wawili: wa manjano ukingoni, wa buluu kilindini. Wanasayansi walieleza katika jarida la Science mwaka 2015 kwamba mgawanyiko huo una umri wa miaka elfu moja hivi, na bado unaendelea. Watu hutoka Uingereza kuja kuutazama, wewe unataka kuuvuruga kwa ndoo moja.

Wa rangi wagawie wenye matangi. Mpenda Usafi hapo juu ana nafasi za wanane, mara tu maji yake yatakapotulia. Sato watie ndimu na chumvi, mafuta yapate moto kwanza, na wali uwe wa Kyela. Kwenye bahasha yenu inayofuata mtie anwani kamili, nami nitajua Jumapili nije saa ngapi.