Hata Wezi Wamelikataa

Jamani, kuna anayejua habari za huu mtaa? Aniambie na mimi. Maana mimi sijui kitu. Zamani tulikuwa na gazeti letu huku Scarborough, Toronto, linaitwa Scarborough Mirror, linatupwa mlangoni bure. Nilikuwa nalitandika chini niwekee viatu vyenye chumvi ya barabarani. Nikiinama kuvua kiatu nasoma kichwa cha habari. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya uraia. Septemba 2023 wenye gazeti wakakimbilia sheria ya kufilisika, magazeti ya mitaa zaidi ya 70 ya Ontario yakaacha kuchapwa kwa mpigo, wafanyakazi 605 wakaambiwa kwaherini. Mwezi mmoja kabla, Facebook nayo ilishafungia habari zote Kanada, eti ugomvi na serikali, nani amlipe nani. Siku hizi viatu naweka kwenye vipeperushi vya pizza. Bei za pizza za mtaa huu niulize mimi.

Habari nyingine napata kwa Mzee. Mzee ni jirani wa ubavuni, Mtamil wa Jaffna, Sri Lanka, mstaafu, kiti chake kiko dirishani. Bila Mzee ningekuwa nimezikwa na takataka. Huku pipa la kijani linatoka kila wiki, la bluu na la taka yanapishana, wiki hii hili, wiki ile lile. Kalenda ipo, sijui nimeiweka wapi. Mimi naangalia Mzee katoa lipi, natoa hilohilo. Kuna wiki Mzee alikosea. Nilipotoka nikakuta mtaa mzima tumekosea, mapipa ya bluu yamejipanga mpaka kona. Ndipo nikajua sote tunamsoma Mzee.

Na hilo la kijani lisikie tu. Jiji lilianza kugawa mapipa mapya mwaka 2016, mradi wa dola milioni 31, yenye kitasa cha kuzungusha ili rakuni asifungue. Rakuni ni kale kanyama kanene kenye alama nyeusi machoni, sura ya jambazi kabisa, na vidole vya kuhesabia hela. Baridi ikikaza mimi kile kitasa kinanishinda. Nazungusha kushoto, wapi. Kulia, wapi. Rakuni amekaa juu ya uzio anasubiri. Hakimbii hata. Naweka mfuko wangu chini, naingia ndani kuchukua glavu nyepesi, nikirudi mfuko umeshasomwa wote, maganda huku, mifupa kule. Mke wangu ananiuliza, "Sasa wewe na huyo mnyama, nani ana cheti?"

Ukitaka kulalamika, ulalamike kwa nani? Kwetu Mbagala, Dar, kulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi. Unagonga, anatoka na taulo, unamwaga shida zako palepale. Huku kuna diwani. Lakini mwaka 2018 serikali ya mkoa ya Doug Ford iliingilia kampeni zikiwa zimeshaanza, viti vilivyokuwa viwe 47 vikakatwa vikawa 25. Piga hesabu, diwani mmoja kwa watu zaidi ya laki moja. Mimi ni wa laki na ngapi kwenye hiyo foleni? Scarborough yenyewe ilikuwa na meya wake mpaka 1998 ilipomezwa na Toronto. Na treni yetu, Line 3, Julai 2023 ikaacha reli jioni, watu wakaumia, na haikurudi tena. Sasa tunapanda basi, tunaambiwa subway inakuja, inachimbwa. Mashine inayoichimba imepewa jina kabisa, Diggy Scardust. Inaishi chini ya ardhi na mimi naishi chini ya ardhi, besimenti, dirisha moja linalotazama miguu ya watu. Yenyewe ina jina. Mimi kazini naitwa "wewe wa maboksi".

Basi Mzee akaniambia kuna mkutano wa mtaa, ukumbi wa maktaba, kuna sambusa. Sikuuliza ajenda. Kumbe watu wamekuja kugombana. Tangu 2023 jiji linaruhusu nyumba ya familia nne kwenye kiwanja kimoja, na Juni 2025 baadhi ya kata zikaruhusiwa hadi sita. Mtu kanunua nyumba pale kwenye kona anataka kubomoa ajenge hiyo ya familia nne. Wee! Kwanza kivuli. Maua ya mama mmoja yatakosa jua. Pili mifereji ya maji machafu. Tatu parking. Akasimama baba mmoja na tisheti ya hoki, uso umeiva, akasema shida ya mtaa huu si nyumba mpya, ni hawa wapangaji wa besimenti, kila mlango magari matatu, wanakuja usiku, hatujui hata ni akina nani. Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi, sambusa mdomoni, nikapiga makofi. Ningefanyaje, nilikuwa nimekaa katikati yao, na nilishachukua sambusa ya pili. Baba yule akaniona, akaninyooshea kidole gumba: "Huyu bwana ananielewa." Tangu siku hiyo nikipita kwake ananisalimia vizuri. Anadhani nina nyumba.

Sasa njoo kwenye gari.

Mwaka 2023 magari zaidi ya 12,000 yaliibwa Toronto. Mwaka uliofuata polisi mmoja, kwenye mkutano wa usalama huko Etobicoke, akawashauri watu waache funguo za gari karibu na mlango wa mbele, mwizi achukue aende zake bila kupanda juu mlikolala. Dunia nzima ikacheka. Mimi habari hiyo ilinifikia imechelewa, kwa sauti ya WhatsApp kutoka kwa shemeji yangu wa Brampton. Sauti ndefu, shemeji anaanza na salamu za ukoo mzima. Nikasikiliza nusu. Nikashika hapo pa polisi, funguo, mlangoni. Nikapiga msumari nje ya mlango wa ubavuni, nikatundika ufunguo wa Corolla langu. Amri ya serikali, mimi nani?

Pale kwetu gari la mwenye nyumba linakaa mbele, langu nyuma yake. Mwenye nyumba namwita Anko. Kazaliwa Kampala, Idi Amin akawafukuza Wahindi 1972 yeye akiwa mtoto, Kiswahili chake bado kina vumbi la duka la baba yake. Ana gari kubwa jipya, funguo zake za kubonyeza, analipenda kuliko sisi wote.

Asubuhi natoka, gari la Anko hakuna. Corolla langu liko pembeni, juu ya majani. Wezi walitoa funguo msumarini, wakalisogeza langu wapate njia, wakachukua la Anko. Halafu, sikia, wakalizima langu vizuri, wakavuta handbreki, ambayo mimi sivuti, na funguo wakarudisha msumarini. Limenyooka kabisa. Mimi sijawahi kulipaki hivyo. Gari lina mafuta, lina funguo, lina vibali vyote, na wezi wenyewe wamelikataa.

Polisi akaja, akaandika la Anko kurasa mbili. Nikasogea. "Afande, na langu wameliendesha."

"Wamerudisha?"

"Wamerudisha."

Akalitazama, mlango mmoja rangi tofauti. Akafunga daftari.

Mzee naye kashatoka dirishani, anaeleza kwamba magari haya hupakiwa kwenye kontena bandari ya Montreal, yanaishia Afrika na Uarabuni. Anko akanigeukia polepole. "Dugu yangu. Wewe natoka Afrika."

Nikajitetea haraka, "Anko, Tanzania usukani uko kulia. Lako ni la kushoto, haliwezi kwenda kwetu, litakwenda labda Ghana, au Dubai."

Anko akanyamaza kidogo. "Kumbe wewe nafikiri hii maneno kabisa."

Bima imemlipa, kanunua jingine, na sheria mpya imetoka: Corolla lisikanyage tena pale. Likae barabarani. Na barabarani Toronto, kama hakuna kibao kinachosema vingine, gari haliruhusiwi kukaa zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo mwenzenu nalala kwa vipande. Alamu inalia, navaa koti juu ya pajama, buti za mke wangu maana ndizo ziko karibu, kofia imeshuka mpaka nyusi. Naliwasha, nazunguka mtaa taratibu huku natafuta nafasi, taa moja haiwaki. Napaki. Narudi kulala. Alamu inalia.

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la usalama wa mtaa, ambalo yule baba wa tisheti ya hoki ameniunga kama mwenye nyumba mwenzake, ikatumwa picha ya kamera ya mlangoni. Picha ya giza. Mtu kaficha uso, buti za kike, gari bovu linatembea taa moja katikati ya usiku. Chini yake wameandika anazunguka kila usiku, anachagua nyumba, mwenye taarifa apige polisi.

Mwenzenu nilikuwa kitandani, macho mekundu, nimelala vibaya. Nikawa wa kwanza kujibu: "Hawa watu washenzi sana, tumkamate."

Majirani kumi na moja wakaweka dole gumba.