Wakija Wapelelezi wa Ushindani, Fungua Geti

Bosi, siku utakapokuwa ghalani asubuhi uambiwe kuna watu watatu wanne wamesimama getini, wamevaa nadhifu, mmoja amebeba mkoba wa kompyuta, usimtume soja akawaambie umesafiri. Gari lako wameliona likiingia. Hao hawauzi bima wala hawatafuti mchango wa harambee. Ni maafisa wa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu Nakuru ni mji wa maghala: mbolea, ngano, maziwa, viazi, chakula cha mifugo. Vitu vinavyoamua kama mkulima wa Molo atalipa karo muhula ujao hupitia mikononi mwa watu wachache, na hao wachache wanajuana kwa majina ya utani.

Kwa hiyo, la kwanza: fungua geti.

Mamlaka ya kuingia kwako yamo katika kifungu cha 32 cha Sheria ya Ushindani, nambari 12 ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Agosti 2011. Maafisa wanaweza kuingia mahali panapokaliwa au kusimamiwa na mfanyabiashara, mwenye kiwanda, wakala, hata msafirishaji, wakiamini kwamba pana habari au karatasi zinazohusu uchunguzi wao. Watakagua mali, vitabu na rekodi. Kabla ya kuanza ni lazima wamwarifu msimamizi wa hapo kwamba wamekuja kutumia mamlaka hayo. Wewe nawe umekatazwa kuwazuia, na kuwazuia ni kosa linalojitegemea, hata kama mwishowe utaonekana huna hatia katika lile lililowaleta. Wakihofia kuzuiwa, wanaweza kuandamana na polisi, na hapo eneo zima la viwanda litakuwa na habari zako kabla ya chai ya saa nne.

Waombe vitambulisho. Soma barua yao yote, pamoja na mistari midogo ya chini. Mpigie wakili wako. Wape meza yenye soketi karibu, na chai ukipenda, ila chini ya kisahani pasiwe na bahasha. Mteue mtu mmoja atembee nao na kuandika kila karatasi wanayonakili, maana baadaye utahitaji kujua wana nini mkononi.

Wengi hudhani wapelelezi wanakuja kutafuta faili. Faili gani? Hakuna aliyewahi kuandika mkataba wa kupandisha bei akaupiga muhuri. Ndiyo maana sheria inawaruhusu kutumia kompyuta yako papo hapo, au kumtaka mtu yeyote aliyepo awasaidie kuitumia, kisha wachapishe au wanakili wanachokipata. Huyo mtu aliyepo mara nyingi ni karani wa mauzo, yule binti anayefika kazini saa moja unusu na kujua siri zote za nyumba. Atafungua barua pepe. Atafungua lile jedwali la bei. Tuseme sasa kuna kundi la WhatsApp lenye watu sita, kila mmoja na kampuni yake, na ujumbe wa Ijumaa jioni unasema: "Kuanzia Jumatatu sote 3,200. Tusiangushane." Chini yake vidole gumba vitano. Ujumbe huo ukiwekwa mezani, kabati lote la faili halina kazi tena.

Usianze kufuta. Simu za wenzako watano bado zina ujumbe uleule, na kufuta kwenyewe kutaonekana.

Mwaka 2016 Mamlaka ilifanya msako wake wa kwanza wa aina hii, kuingia ofisini bila taarifa ya mapema, na waliotembelewa walikuwa wafanyabiashara wa mbolea. Mimi naona ndipo palipofaa kuanzia. Mkulima wa Njoro hawezi kuiambia mvua ya masika isubiri bei ishuke. Ana wiki chache za kupanda, na akikosa mbolea ya kupandia sasa, mwezi ujao haitamsaidia kitu. Anatoka duka hili anaingia lile, anavuka barabara anaingia la tatu, na kote anatajiwa bei ileile hadi shilingi ya mwisho. Ikiwa bei hiyo imetokana na meli, dola na ushuru, ni bahati mbaya yake na yetu sote. Ikiwa imetokana na mazungumzo ya watu sita, ameibiwa. Tofauti haionekani ukiwa umesimama kwenye kaunta. Inaonekana tu kwa mtu aliye na haki ya kufungua ile kompyuta.

Nisisitize hapo, maana watu hukimbilia kulaumu: bei kufanana si hatia. Kifungu cha 21 kinakataza makubaliano, iwe ni ya kupanga bei, kugawana maeneo au wateja, kupanga nani ashinde zabuni, au kupunguza mzigo sokoni ili bei ipande. Bosi anayekubali kwa nia njema kwamba yeye auze Naivasha na mwenzake auze Gilgil, "ili tusisumbuane", ameshaingia humo. Chama cha wauzaji kinachokutana hotelini na kutoa mapendekezo ya bei kwa wanachama nacho kimeingia, kwa mlango wa kifungu cha 22, hata wakiyaita mwongozo, na hata mkutano ukifunguliwa kwa maombi.

Si kila uchunguzi unaanza na msako. Mara nyingi huja barua. Kifungu cha 31 kinaipa Mamlaka uwezo wa kuchunguza baada ya kupokea malalamiko au kwa hiari yake yenyewe, na kumtaka mtu yeyote atoe habari kwa maandishi, au afike siku na mahali fulani na vitabu vyake. Inaweza pia kusikiliza ushahidi chini ya kiapo. Barua hiyo usiiweke chini ya kalenda ukitumaini itasahaulika. Ijibu ndani ya muda uliotajwa. Ukihitaji siku zaidi, ziombe kwa maandishi mapema.

Tuje kwenye gharama. Kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mauzo yake yote nchini Kenya ya mwaka uliotangulia. Nimesema mauzo, sikusema faida. Mwenye ghala linalouza kwa milioni 400 na kubakiwa na milioni 12 apige hesabu mwenyewe, halafu anywe maji. Anayevunja kifungu cha 21 anaweza pia kushtakiwa kortini na kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Agosti 2023 kampuni tisa za chuma zilitozwa jumla ya shilingi milioni 338.8 baada ya Mamlaka kuamua kwamba zilipanga bei na kubana uzalishaji. Kila aliyejenga nyumba ya vyumba viwili kule Lanet au Bahati miaka hiyo alinunua nondo. Faini ilikwenda serikalini. Yeye hakurudishiwa chochote, na jambo hilo bado linanikera.

Kama unasoma haya na jasho linakutoka, pana mlango, na mlango huo ni mwembamba. Kifungu cha 89A kinaruhusu msamaha, wote au sehemu, kwa anayejitokeza mwenyewe na kueleza yaliyofanyika. Anayetangulia ndiye anayepata zaidi. Fikiria tena wale watu sita wa WhatsApp: kila mmoja leo anajua kwamba kuna watano wanaoweza kuwahi Nairobi kabla yake. Kifungu cha 38 nacho kinaruhusu mapatano na Mamlaka kabla au baada ya uchunguzi kukamilika. Nenda na wakili, useme kweli, na useme yote.

Nawe una haki zako, na ninazitetea kwa nguvu ileile. Kabla ya uamuzi, Mamlaka lazima ikuandikie inakusudia kuamua nini na kwa sababu gani, ikupe muda wa kujibu na nafasi ya kusikilizwa. Usiporidhika una siku 30 za kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Chini ya sheria ya zamani, ile ya mwaka 1988 iliyoshughulikia ukiritimba na udhibiti wa bei, usukani ulikuwa mkononi mwa Waziri wa Fedha. Mfanyabiashara aliyejuana na waziri alilala vizuri kuliko asiyejuana naye. Chombo chenye uwezo wa kuingia ghalani mwa mtu lazima nacho kiwe na wa kukikagua.

Sasa nikugeukie wewe dada unayepeleka yogati supamaketi, na wewe mzee wa asali kutoka Baringo, na wewe kijana wa mayai na mboga. Zamu yenu.

Mji huu una historia ya pekee katika biashara ya supamaketi. Nakumatt ilipata jina lake kwa duka la magodoro la Nakuru. Tuskys na Naivas mizizi yao ni Rongai, ile ya hapa kwetu, si ile ya Kajiado. Bonde hili limewalea wafanyabiashara hodari wa rejareja kuliko sehemu nyingi za nchi, na tumejivunia. Kisha tukaona Nakumatt ikianguka na madeni ya mabilioni, na Tuskys ikifuata njia hiyo, na walioachwa na invoisi mkononi walikuwa watu kama nyinyi. Mtu wa yogati anamlipa mfugaji kila mwezi, lakini supamaketi inamlipa yeye ikijisikia. Ni yeye anayeikopesha, bila riba na bila kuulizwa.

Sheria ilirekebishwa mwaka 2016 na tena mwaka 2019, na leo kifungu cha 24A kinazungumzia nguvu ya mnunuzi. Hakikulazimishi uthibitishe kwamba mnunuzi ameshika nusu ya soko. Kinataja mambo unayoyajua kwa macho: kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kukurudishia mzigo au kuukataa kinyume cha mkataba, kukatiza mkataba ghafla, na kukubebesha gharama na hasara ambazo ni za mnunuzi.

Chukua taarifa ya malipo uliyotumiwa mwezi uliopita, uisome mstari kwa mstari. Juu kuna jumla ya mzigo uliopeleka. Chini yake kuna makato. Asilimia kadhaa ya "punguzo". Ada ya kuingiza bidhaa mpya kwenye rafu. Katoni za bure kwa sababu wamefungua tawi katika mji ambao hujawahi kufika. Mshahara wa kijana wako anayepanga rafu zao kutwa nzima, akivaa aproni yao. Ukifika mstari wa mwisho, ulichobakiwa nacho hakilipi hata vikombe vya plastiki.

Hayo ndiyo yaliyopelekwa mbele ya Mamlaka na kampuni moja ya yogati, Orchards Limited, dhidi ya Majid Al Futtaim, wanaoendesha Carrefour nchini Kenya. Uamuzi wa mwaka 2020 uliunga mkono mlalamikaji, Majid Al Futtaim wakakata rufaa, na mwaka 2021 Baraza likakubaliana na Mamlaka. Faini ilikuwa ya shilingi 124,000 na ushei, kiasi kisichomnyima mkubwa usingizi. Lakini njia ilishafunguliwa. Desemba 2023, kwa malalamiko ya Woodlands, wauza asali, na Pwani Oil, Mamlaka iliitoza kampuni hiyohiyo ya Carrefour takriban shilingi bilioni 1.1 na kuiagiza irudishe makato. Ilikata rufaa, kama sheria inavyoiruhusu. Ninachotaka ukione ni kwamba muuza asali aliandika barua, na barua yake ikasomwa.

Najua unachoogopa: ukilalamika, wiki ijayo rafu yako itakuwa ya mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Kifungu cha 20 kinakuruhusu kuomba taarifa zako nyeti za biashara zitunzwe kama siri. Na kwa kuwa Mamlaka inaweza kuchunguza kwa hiari yake, wauzaji kumi wanaolalamikia jambo moja ni vigumu kuadhibiwa kuliko mmoja. Zungumzeni. Kukubaliana kulalamika hakukatazwi popote. Kilichokatazwa ni kukubaliana bei.

Usipeleke huko kila kidonda. Broka anayekujazia gunia la viazi hadi liote shingo ni shida kubwa Mau Narok na Elburgon, lakini kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia, na gunia hilo lenye shingo, lumbesa, ni kesi ya serikali ya kaunti na maafisa wa vipimo. Ila hao mabroka wakikaa chini na kukubaliana kwamba hakuna atakayenunua zaidi ya bei fulani shambani, hiyo ni ya Mamlaka, maana kupanga bei ya kununua ni sawa na kupanga bei ya kuuza.

Basi andika. Huhitaji wakili wala Kiingereza cha bungeni. Taja mnunuzi, mkataba wa lini, hati ya kuagiza mzigo (LPO) ni namba ngapi, mzigo ulipokelewa siku gani na nani aliweka sahihi, ulipaswa kulipwa lini, ulilipwa lini, ulikatwa nini. Ambatanisha nakala na ubaki na karatasi halisi. Hadithi ya namna walivyokudharau ofisini iwe aya moja tu, mwishoni. Mamlaka ikiamua kutochunguza, sheria inaitaka ikueleze sababu kwa maandishi. Ikikawia, idai barua hiyo.