Mbuzi Mmoja, Mihuri Mitatu

Wakubwa, nauliza tu. Akina mama wa parokia huku Bangboka, Kisangani, njia ya kiwanja cha ndege, wakitaka kuchezesha tombola wapate mabati ya darasa, zawadi mbuzi mmoja na vikwembe viwili, ghafla kamari inakuwa hatari kwa taifa. Barua ya kuomba kibali ipigwe mihuri mitatu, na kila muhuri udai madesu ya bana yake, yaani hongo. Kibanda cha parifoot, kamari ya mpira, je? Kiko wazi tangu asubuhi, na kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, anaacha pale franga zake za kutwa kwa ajili ya timu za Uingereza. Serikali nayo ina bahati nasibu yake, SONAL, wala hakuna anayeihubiria.

Kenya walifanya ustadi zaidi: Katiba ya 2010 iligawa kamari, fungu kwa serikali kuu, fungu kwa kaunti. Mchezaji mmoja, wasimamizi wawili!

Basi mama zangu, kwenye barua futeni neno “msaada”. Andikeni “biashara”. Anayejenga darasa huulizwa kibali. Anayejenga jumba lake huulizwa tu kama ana kazi ya mpwa wa mkubwa.